Je, Wajua? Nibu Kuukuu Husimulia Kazi Iliyofanya

Peni za leo karibu zote zina ncha ya aina moja: kijigololi kinachobingirika kwenye wino mzito. Hakimu, mwanafunzi na mwenye duka wote huandikia ncha hiyo. Enzi za kalamu za wino, nibu ilitengenezwa kwa kazi maalumu, na anayejua kuisoma anaweza kuishika kalamu ya miaka ya 1930 akatambua kama ilikusudiwa karani wa hesabu, mwandishi wa hatimkato au mtu wa kutia saini.

Je, wajua kwamba kalamu maana yake ni mwanzi? Neno hili tumelipata kwa Waarabu, nao walilitoa kwa Wagiriki, waliouita mwanzi *kalamos*. Waandishi wa pwani yetu walionakili tenzi kwa hati za Kiarabu walichonga ncha ya mwanzi kimshazari, na mchongo huo ndio uliozaa mistari minene na myembamba. Kanuni hiyo haijabadilika: umbo la ncha ndilo linaloamua umbo la hati.

Je, wajua kwamba nibu ya dhahabu haiandikii dhahabu? Dhahabu haishiki kutu hata ikikaa kwenye wino mkali, lakini ni laini na karatasi huila. Kwa hiyo ncha kabisa huunganishwa na punje ya madini magumu, zamani hasa yale ya jamii ya platinamu kama osmiamu na iridiamu. John Isaac Hawkins alifanikiwa kufanya hivyo nchini Uingereza mwaka 1834. Tazama nibu yako kwa kioo cha kukuzia. Ukiona punje hiyo imelika, thamani ya nibu imepungua sana, hata kama dhahabu bado inang'aa. Chapa ya 14K au 585 ina maana kwamba dhahabu ni asilimia 58.5, ile ya 18K au 750 ni asilimia 75.

Je, wajua kwamba mistari miwili inatosha kuitambua ncha? Chora mmoja wa kushuka na mwingine wa kulala. Unene ukilingana, ncha ni ya mviringo, iwe nyembamba, ya wastani au nene. Wa kushuka ukiwa mnene na wa kulala mwembamba, ncha imekatwa bapa. Hiyo ilipendwa kwa saini na barua za heshima. Ukiona ncha imekatwa upande kama kidole gumba cha mguu, hiyo ni ya mshazari, kwa mtu anayeipindua kalamu mkononi anapoandika.

Je, wajua kwamba karatasi ya kaboni ilizaa nibu yake? Zipo nibu laini ambazo meno yake mawili hutanuka ukikandamiza kidogo, mstari ukapanuka, kisha yakarudi ukilegeza mkono. Hizo hupendezesha hati, lakini haziwezi kupenyeza maandishi hadi nakala ya pili. Makarani na wauzaji waliojaza stakabadhi za nakala walitengenezewa nibu ngumu zisizotanuka hata kidogo. Ukiikuta nibu ya namna hiyo, usidhani imeharibika. Ugumu ndio kazi yake.

Je, wajua kwamba Waterman waliziita nibu zao kwa rangi? Mwaka 1927 kampuni hiyo ya Marekani ilitoa kalamu Namba 7, na jina la rangi likachapwa kwenye nibu yenyewe kwa Kiingereza. Nyekundu ilikuwa ya matumizi ya kawaida. Kijani ilikuwa ngumu, ya kazi za kaboni. Zambarau ilikuwa ngumu na nyembamba, ya tarakimu ndogo za vitabu vya hesabu. Waridi ilikuwa nyembamba na laini mno, na ndiyo wakusanyaji wanayoihangaikia zaidi leo.

Je, wajua kwamba Esterbrook waliziita kwa namba? Kampuni hii ilianza mwaka 1858 huko Camden, New Jersey, na baadaye ikatengeneza nibu za kufungua kwa kuzungusha, mtu akabadilisha mwenyewe. Namba 2668 ni ya wastani, kwa maandishi ya kila siku. 1550 ni ya hesabu. 1555 ni ya hatimkato ya mtindo wa Gregg. Namba zinazoanza na 9 zina punje ngumu nchani, ilhali zinazoanza na 1 au 2 ni chuma kitupu, hivyo huisha mapema.

Je, wajua kwamba si kila namba inaeleza unene? Namba 2 kwenye nibu nyingi za Waterman ni ukubwa wa nibu nzima. Nayo 4810 kwenye nibu za kampuni ya Montblanc ni urefu wa mlima Mont Blanc kwa mita kama ulivyohesabiwa zamani.

Je, wajua kwamba nibu nyingine zimefichwa? Kalamu ya Parker 51, iliyoingia sokoni Marekani mwaka 1941, ilifunika nibu karibu yote ili wino wake wa kukauka haraka usigande nchani. Mwaka uliofuata kampuni ya Sheaffer ilileta Triumph, nibu iliyozunguka shingo ya kalamu kama koni. Kwa Parker 51, ambayo mara nyingi haina alama ya unene inayoonekana, jaribio la mistari miwili ndilo linalokata shauri.

Ukiirithi kalamu ya wino, iheshimu kwanza. Usikandamize nibu kutafuta ulaini. Igusishe taratibu kwenye ukucha wa kidole gumba uone kama meno yanaachana. Usiisafishe kwa spiriti wala maji ya moto, na usiiloweshe yote, kwa kuwa kalamu za mpira mgumu hupauka. Tumia maji baridi nchani tu. Wala usikubali mtu ainoe ili "iandike vizuri": nibu hukwanguka kwa miaka kufuata mkono wa mwenyewe, na tupa ikishapita, alama ya mkono huo hairudi tena.