Mabua, Udongo na Majivu: Michezo na Vitafunwa vya Watoto wa Mbulu na Hanang

Mahindi yakishavunwa Mbulu na Hanang, wakubwa huyaona mabua kuwa malisho ya ng'ombe. Mtoto wa miaka sita huona gari. Hulimenya bua kwa meno, kwa uangalifu maana ganda lake linakata, mpaka abaki na kile kiini cheupe, chepesi kama sifongo. Hapo hukata vipande: kirefu cha bodi, vifupi vya magurudumu. Ganda lililochongwa ncha ndilo msumari wake. Hulichomeka kutoka kiini hiki mpaka kile, na gari limesimama bila gundi wala senti. Ganda hilohilo likikunjwa vizuri linatoa miwani. Gari likivunjika jioni, kesho yake linaundwa jingine, na la kesho huwa zuri zaidi.

Wilaya hizi mbili za mkoa wa Manyara ni makao ya Wairaqw, Wadatoga na, upande wa Yaeda Chini, Wahadzabe. Lugha zao hazina undugu: Kiiraqw ni ya Kikushi, Kidatoga ni ya Kiniloti, na Kihadza iko peke yake. Lakini katika malezi nawaona wamekutana mahali pamoja. Mtoto hachezi mbali na kazi za nyumbani. Anacheza kazi zilezile, kwa kipimo chake.

Kwa wafugaji wa Kidatoga walio chini ya mlima Hanang, kichezeo chenyewe ni ng'ombe wa udongo. Mvua ikinyesha, watoto huchota udongo unaonata, huukanda na kuutoa vijiwe, kisha hufinyanga nundu kwanza, maana ng'ombe asiye na nundu si wa kwao. Pembe huwa miiba au vijiti. Ng'ombe huanikwa kivulini, kwani jua kali humpasua. Zizi hupangwa kwa mawe, ndama wakatengwa na mama zao kama ilivyo kwa baba. Siku mtoto huyo atakapokabidhiwa ndama wa kweli karibu na boma, atakuwa ameshazijua taratibu.

Wahadzabe wamekwenda mbali zaidi. Mvulana hupewa upinde mdogo angali mdogo sana, akaanza na ndege na panya. Watoto huokota ubuyu, huupasua kwa jiwe na kula unga wake papo hapo. Watafiti kina Nicholas Blurton Jones na Kristen Hawkes, walioanza kazi yao huko miaka ya 1980, waliandika kwamba watoto hawa hujitafutia wenyewe sehemu kubwa ya chakula chao. Kwao mchezo na mlo havina mpaka.

Vitafunwa vya nyumba za wakulima navyo hutokana na mabaki ya jikoni. Boga likipikwa, mbegu hazitupwi: huoshwa, huanikwa kwenye ungo, kisha hukaangwa na chumvi kidogo mpaka zianze kuruka. Kiazi kitamu hufukiwa kwenye majivu ya moto wakati mama anasonga ugali. Mbegu za maboga zina mafuta na protini. Pipi ya dukani ina sukari tupu. Mzazi anayempa mwanawe mia mbili akanunue pipi huku mbegu zinaoza jalalani anajipunja mwenyewe.

Majivu nayo yana kazi zake, na watoto huanza kuzijua mapema. Hutumika kusugua masizi ya sufuria. Huchanganywa na maharage ya mbegu ili wadudu wasiyatoboe. Hata moto wenyewe una kazi: kibuyu cha maziwa husafishwa na kufukizwa kwa kijinga cha moto, na binti anayemsaidia bibi yake hujifunza kwa pua: kibuyu kikinukia moshi, kiko tayari.

Ujuzi huu wa nyumbani una nafasi shuleni pia. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 iliifanya elimu ya awali kuwa ya lazima kwa muda usiopungua mwaka mmoja, na walimu wetu tayari hutumia visoda, vijiti na punje za mahindi kufundishia kuhesabu. Nawaomba waongeze hatua moja. Msimu wa mavuno, mwalimu wa awali wa Dongobesh, Haydom au Katesh awaite bibi na babu wa kijiji darasani, waje na mabua, udongo na mbegu zao, wakae chini na watoto na kuwaonyesha kwa mikono. Wazee hao bado wapo, na wengi wao watakuja wakiombwa.