Kadi Saba za Katoni

Katika michezo mingi ya mezani mtu mzima ana mahali pa kujificha. Kwenye drafti anaujua mtego ambao mtoto hajaufikia. Kwenye karata anazikumbuka zilizokwisha kupita. Mambo yakimwendea kombo, anabuni kanuni papo hapo na kuapa kwamba kwao ndivyo ulivyochezwa. Michezo ya wepesi wa macho na mkono haimpi nafasi hiyo. Kadi inafunuliwa, wa kwanza kuiona picha na kuitaja ndiye mwenyewe, na mtoto wa miaka sita humtangulia babake mara nyingi kuliko inavyopendeza.

Ulaya michezo hii ni biashara kubwa. Halli Galli, uliobuniwa na Haim Shafir, ulianza kuuzwa Ujerumani mwaka 1990: kadi za matunda hufunuliwa kwa zamu, na matunda ya aina moja yakitimia matano, kila mkono hukimbilia kengele iliyo katikati ya meza. Mwaka 2009 ukatoka Ufaransa mchezo wa Dobble, wa Denis Blanchot, wenye kadi 55 za mviringo. Kila kadi ina picha nane, na ukichukua kadi zozote mbili utakuta zina picha moja tu ya kufanana. Anayeiona kwanza anaitaja.

Hapa Nairobi boksi la namna hii ni bidhaa ya maduka ya Kilimani na Lavington. Si mbali: mtu wa Kibera huenda Kilimani kwa miguu, na wa Kawangware huenda Lavington vivyo hivyo, kwa kuwa ndiko wengi wanakofanya kazi. Kwa hiyo mama wa Gatina, Kawangware, huenda anaijua michezo hiyo kuliko aliyeinunua, maana yeye ndiye anayeokota kadi chini ya kochi jioni.

Wepesi wenyewe haujawahi kuadimika mtaani. Mtoto wa Laini Saba, Kibera, hurusha kijiwe juu, akachota vingine chini kwa mkono uleule, kisha akakidaka cha kwanza kabla hakijatua. Bano, mchezo wa gololi, huchezwa popote penye udongo mkavu. Vijana nao wana karata, ambapo mbili humtwisha mwenzako kadi mbili, tatu humtwisha tatu, na anayekaribia kumaliza asiposema “niko kadi” kwa wakati, wenzake humkumbusha kwa furaha isiyofichika. Kinachokosekana katika picha hii ni mtu mzima. Michezo ya watoto iko nje, ya vijana iko kwenye kona, na mzazi yuko kazini au amelala kwa sababu alikuwa kazini.

Wazazi pia wana sababu ya kuzitilia kadi shaka. Kwa wengi karata ni mlango wa kamari, na kamari wameiona ikiingia hadi madukani mtaani kwa mashine za kutumbukiza sarafu, zilizokula pesa za watoto waliotumwa mkate mpaka serikali ikazikamata na kuzichoma. Huo nao ulikuwa mchezo wa kasi, ila mwenye kasi alikuwa mmoja tu, na hakuwa mtoto.

Dobble inafaa kutazamwa kwa makini, kwa sababu kilicho ndani ya boksi lake ni hesabu isiyo na mwenyewe. Mwaka 1850 kasisi Mwingereza, Thomas Kirkman, alitunga fumbo: wasichana 15 wa shule watembee watatu watatu kwa siku saba, bila wawili wowote kuwa kundi moja zaidi ya mara moja. Mwaka 1892 Mwitaliano Gino Fano akaeleza mpangilio wa nukta saba na mistari saba, ambamo kila mstari una nukta tatu na mistari yoyote miwili hukutana mahali pamoja tu. Nukta zikiwa picha na mistari ikiwa kadi, mchezo uko tayari.

Kadi zenyewe ni hizi. Ya kwanza ina kuku, matatu na ndizi. Ya pili ina kuku, mpira na sufuria. Ya tatu ni kuku, mwavuli na samaki. Ya nne ni matatu, mpira na mwavuli. Ya tano ni matatu, sufuria na samaki. Ya sita ni ndizi, mpira na samaki. Ya saba ni ndizi, sufuria na mwavuli. Asiyeamini azilinganishe mbili mbili: jozi zote 21 zinakubali. Mwenye subira anaweza kuendelea hadi kadi 13 za picha nne nne, 31 za sita sita, au 57 za nane nane.

Katoni si ngeni kwa wazazi wetu. Tangu mtaala wa umilisi uanze rasmi katika chekechea na gredi za chini Januari 2019, wamekata, wamegundisha na wamekimbilia saiba usiku kuchapisha picha ya mnyama anayehitajika kesho asubuhi. Kazi hizo hubandikwa ukutani, zikapata alama, zikatupwa. Kadi saba zingehitaji kipande kimoja cha boksi la sabuni, kikombe cha kuchorea duara na kalamu. Mtoto achore mwenyewe. Kuku wake akifanana na samaki, mchezo utakuwa mgumu zaidi, na hakuna wa kulaumiwa.

Wawili wakicheza, kadi moja inawekwa katikati na kila mmoja anashika tatu, zimefunikwa. Wanafunua ya juu kwa pamoja. Anayeona picha iliyo kwenye kadi yake na ya katikati anaitaja kwa sauti na kuitupa yake juu, na hapo ya katikati imebadilika kwa wote. Anayemaliza kwanza ameshinda. Lugha ikubaliwe mapema: mtoto wa ploti ya Kawangware ana lugha tatu au nne za majirani, na asipozuiwa atachagua yenye neno fupi.

Hesabu hii ina fadhila nyingine. Inaruhusu kadi 57, lakini Dobble huuzwa na 55, na mchezo haujali, kwa sababu hata ukipunguza kadi, zilizobaki bado zinakubaliana. Kitinda mimba akitafuna moja, au mvua ikipenya bati na kulowesha nyingine, hakuna kilichoharibika. Seti ya karata iliyopungukiwa haina sifa hiyo. Boksi la msaada lililofika bila kengele wala maelezo halina pia, na maboksi ya msaada Kibera imeyapokea ya kutosha.

Tatizo la nafasi ni la kweli. Katika chumba cha futi kumi kwa kumi, meza yenye kitambaa cha kufuma ndiyo ya homuwaki, ya chakula na ya kupigia pasi, na tokeni za stima zikiisha haionekani kabisa. Muda nao ni mfinyu kwa anayeondoka alfajiri kwa miguu kwenda Eneo la Viwandani na kurudi usiku. Lakini mchezo wa kadi saba hauli dakika mbili. Unaenea juu ya stuli, wakati ugali unasongwa.

Maboksi ya michezo husifiwa kwamba hukuza akili. Mimi ningeahidi machache: anayeucheza sana huwa mwepesi wa kuucheza, na kwa dakika hizo mbili mzazi amemtazama mtoto bila kumkagua daftari. Haki ya kucheza imo katika kifungu cha 31 cha Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, ambao Kenya iliuridhia mwaka 1990, na imo katika Sheria ya Watoto ya 2022. Umoja wa Mataifa umeitengea hata siku, tarehe 11 Juni, iliyoadhimishwa kwa mara ya kwanza mwaka 2024. Sheria, hata hivyo, haiwezi kumlazimisha mtu mzima kukaa chini na kupigwa.

Hapo ndipo penye ugumu. Mzazi amezoea kumwachia mtoto ashinde, kwa huruma, na mtoto huitambua huruma hiyo upesi na kuidharau. Katika mchezo huu huruma haihitajiki. Mzazi ajitahidi kwa nguvu zake zote, na atashindwa kihalali. Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani. Sisi huwasomea watoto methali hiyo wakilia kwenye bano. Kadi saba zitatupa nafasi ya kuisikia wakitusomea wao.