Kuutafuta Mkutano wa Wanaoacha Pombe

Mwezi Mei 1935, mfanyabiashara mmoja wa New York, Bill Wilson, alikuwa amesimama katika ukumbi wa hoteli mjini Akron, jimbo la Ohio, nchini Marekani. Shughuli iliyompeleka huko ilikuwa imevunjika, fedha zilikuwa karibu kumwishia, na hatua chache kutoka pale aliposimama palikuwa na baa. Alikuwa ameacha pombe kwa miezi mitano tu. Badala ya kuingia baa aliiendea simu, akawapigia viongozi wa makanisa ya mji ule, akiwaomba wamwonyeshe mlevi mwingine wa kuzungumza naye. Hatimaye alikutanishwa na daktari mpasuaji, Robert Smith, ambaye alikuwa amejaribu kuacha mara nyingi asiweze. Wakazungumza kwa saa kadhaa. Smith alikunywa kwa mara ya mwisho tarehe 10 Juni mwaka huo, na siku hiyo ndiyo ihesabiwayo kuwa mwanzo wa Alcoholics Anonymous, yaani chama cha walevi wasiojitaja majina kamili.

Yafaa iangaliwe ni nani aliyekuwa akimtafuta mwenziwe. Hakuwa yule aliyekuwa akinywa, bali yule aliyekwisha kuacha. Wilson aliamini kwamba asipompata mtu wa hali yake angekunywa jioni ile.

Wengi wetu tungemshauri ajikaze tu. Ushauri huo hausahau utashi, lakini husahau ubongo. Kileo huongeza nguvu ya GABA, kemikali inayozituliza chembe za neva, na hupunguza nguvu ya glutameti, kemikali inayozichangamsha. Ubongo unaopokea kileo kila siku hujirekebisha ili uendelee kufanya kazi: huidhoofisha ile tulizo na kuuzidisha mchangamko. Ni kama dereva aliyezoea kukanyaga mafuta huku breki imeshikwa. Breki ikiachiliwa ghafla, gari huruka.

Hapa pana hatari ambayo kila mwalimu na kila mwanafunzi hana budi kuijua. Mtu aliyekunywa sana kwa muda mrefu akiacha kwa siku moja, huweza kutetemeka, kutokwa jasho na kukosa usingizi. Wengine hupatwa na degedege katika saa 48 za mwanzo. Na kati ya siku ya 2 na ya 4 wachache huweweseka, wakaona vitu visivyokuwapo, nao wasipotibiwa huweza kufa. Kwa hiyo yule ambaye mikono hutetemeka asubuhi mpaka apate kikombe cha kwanza asiambiwe aache leo hii ili kesho aende mkutanoni. Apelekwe hospitali kwanza.

Dawa za hospitali huuvusha mwili katika siku hizo chache. Haziwezi kumvusha mtu katika siku ya mshahara, wala katika njia ipitayo mbele ya kilabu. Hapo ndipo mkutano unapohitajika, na tatizo huwa kuufikia. Mwaka 1981 watafiti wawili wa Marekani, Sisson na Mallams, walitoa matokeo ya jaribio dogo la wagonjwa 20. Nusu yao walielezwa tu mikutano iko wapi na lini. Kwa nusu ya pili, mshauri alimpigia simu mwanachama mbele ya mgonjwa, na mwanachama huyo akajitolea kumpitia na kwenda naye. Wa kundi la pili walihudhuria wote. Wa kundi la kwanza hakwenda hata mmoja. Watu 20 ni wachache mno kwa kutunga kanuni, lakini tofauti kubwa namna hiyo haidharauliki.

Basi anayetafuta mkutano kwa niaba ya ndugu au mwalimu mwenziwe asitosheke na kuandika mahali na saa. Aulize idara ya magonjwa ya akili ya hospitali kubwa iliyo karibu; nchini Kenya yapo pia maongozi ya bure kwa simu namba 1192. Vikundi vya chama hiki vipo katika miji mikubwa kama Nairobi na Dar es Salaam, na baadhi ya mikutano siku hizi hufanyika kwa intaneti. Akishapata habari, aulize kama mkutano bado upo siku hiyo, huendeshwa kwa lugha gani, na kama ni wa wazi, ambao hata asiye mlevi huruhusiwa kuingia, au ni wa wanachama peke yao. Kisha aulize lililo kubwa: nani atampokea mgeni mlangoni?

Ndani hakuna ada wala daftari la mahudhurio. Sharti ni nia ya kuacha kunywa. Jengo mara nyingi ni la kanisa, jambo linalowatia shaka Waislamu wengi, lakini chama si cha dhehebu lolote. Vijana ambao mzazi wao hunywa wana jumuiya yao, Alateen, iliyoanza mwaka 1957, ingawa kwetu ni adimu kuipata.

Na pasipo na kikundi chochote? Kwa desturi ya chama hicho, walevi wawili waliokutana kwa ajili ya kuacha pombe huweza kujiita kikundi. Akron walianza na idadi hiyo.