Fumbo la Jumatatu

Fumbo la maneno la gazetini, hata lile jepesi kuliko yote, humtisha anayeanza kwa sababu hulitazama kama mtihani, ambamo asiyejua jibu hana pa kulitafuta isipokuwa kichwani mwake. Ilhali jedwali lake limejengwa mfano wa baraza la kadhi, ambamo kila herufi ina mashahidi wawili, neno liendalo kulia na neno lishukalo chini, na alilolinyamazia mmoja mwenziwe hulisema.

Mwanzilishi wa fumbo la aina hii, Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool, alichapisha fumbo lake la kwanza katika gazeti la New York World tarehe 21 Desemba 1913, nalo lilikuwa na umbo la almasi. New York Times halikuanza kuchapisha mafumbo ya aina hii hadi 15 Februari 1942, na katika gazeti hilo imethibiti desturi ambayo naiona njema sana kwa mwanafunzi: fumbo la Jumatatu ndilo jepesi, ugumu huzidi siku hata siku mpaka Jumamosi, na fumbo hilo la Jumatatu lina maudhui, yaani majibu yake marefu, aghalabu matatu hadi matano, ni ndugu wa nasaba moja.

Anayeanza asiyakimbilie hayo marefu. Na aanze na vidokezo vyenye pengo la kujaza, kisha asikilize sarufi, kwa kuwa kidokezo cha wingi hutaka jibu la wingi. Hapa lugha yetu ina ukarimu mkubwa: kidokezo "Wenye kutupa nyavu" kinaturuhusu kuandika W na A kabla hata hatujamfikiri mvuvi, na kwa kuwa maneno yetu, isipokuwa machache ya kukopa, huishia kwa irabu, mraba wa mwisho hutuachia herufi tano tu za kuchagua.

Tuchukue jedwali la Kiswahili la miraba 15 kwa 15, ambamo maneno hufuatana bila nafasi na CH huhesabiwa herufi mbili. Jibu refu la juu lina herufi 10, kidokezo chake ni "Sifa ya mdokozi", na maneno yanayolikata yametupa M, N na F: ni MKONO MREFU. La katikati, lenye herufi 11, "Halisikii dawa", ni SIKIO LA KUFA. Maudhui yamekwisha kudhihirika, ni viungo vya mwili. Na la chini, ambalo kwa kanuni ya ulinganifu, yaani jedwali kubaki vilevile hata likigeuzwa juu chini, lina herufi 10 kama la juu, yakini litaanza kwa kiungo. Tuna I katika mraba wa pili na H katika wa nne. Je, ni jicho au ni kichwa? Maudhui hayawezi kutufikisha mbele ya hapo, kwa kuwa yanavikubali vyote viwili. Basi twauendea mraba wa tano, tunapokuta neno la herufi nne lishukalo chini, "Mchele uliopikwa", nalo latuletea W, na jibu la "Mtu asiye na busara" lajiandika lenyewe: KICHWA MAJI.