Matibabu ya Saikosisi kwa Njia ya Simu: Mambo ambayo Mgonjwa na Familia Wanapaswa Kuyafahamu

Kuanzia Machi hadi Agosti mwaka 1872, David Livingstone alikaa Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, akisubiri wapagazi kutoka pwani. Leo sauti ya daktari aliyeko Dodoma au Dar es Salaam hufika Kwihara papo hapo. Dawa, hata hivyo, bado husafiri kwa barabara. Tofauti hiyo ndiyo kiini cha mwongozo huu: simu hufikisha maneno, lakini tiba ya saikosisi haikamiliki kwa maneno pekee.

Saikosisi ni hali ambayo mtu hupoteza mawasiliano na uhalisia. Huweza kusikia sauti wasizozisikia wengine, au kuamini kwa dhati kuwa anafuatiliwa na kudhuriwa. Ni ugonjwa unaotibika. Wagonjwa wengi hupata nafuu kwa vidonge, au kwa sindano kama ya flufenazini, ambayo kwa kawaida hutolewa kila baada ya wiki 2 hadi 4. Kuacha dawa ghafla ni miongoni mwa sababu kubwa za ugonjwa kurejea.

Yanayowezekana kwa simu

Mhudumu anaweza kufuatilia usingizi, hofu na matumizi ya dawa, kukumbusha tarehe ya sindano, na kuielekeza familia. Mgonjwa huokoa nauli na siku ya kazi shambani.

Yasiyowezekana kwa simu

Sindano huhitaji mkono wa mhudumu wa zahanati au kituo cha afya. Kukakamaa kwa misuli, shinikizo la damu na uzito hupimwa ana kwa ana. Mgonjwa anayetumia klozapini lazima apimwe damu mara kwa mara. Kwa hiyo tunashauri uchunguzi wa kwanza ufanyike hospitalini, kwa mfano Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Kitete iliyopo Tabora, na simu itumike kwa ufuatiliaji.

Kabla ya kukubali huduma

Uliza jina kamili la mtoa huduma na usajili wake. Madaktari husajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Uliza gharama yote, nani atatoa sindano, na nini kitafanyika mtandao ukikatika. Usinunue dawa za akili kwa mtu usiyemjua anayejitangaza mtandaoni.

Uliza pia kama mazungumzo yanarekodiwa. Swali hili lina uzito wa pekee: mgonjwa anayehofia kusikilizwa kwa siri huweza kuikataa simu kabisa akigundua baadaye kuwa alirekodiwa. Aelezwe mapema ni nani anayepiga, na ikiwezekana awe mhudumu yuleyule kila mara. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti.

Mara nyingi simu ni ya baba, mama au kaka. Hata hivyo, mgonjwa ana haki ya kuzungumza mwenyewe na kwa faragha. Ndugu aeleze aliyoyaona, lakini asijibu kwa niaba yake. Anayelalamikia dawa huenda anaeleza madhara halisi, wala si ukaidi.

Wakati wa kuikata simu na kwenda hospitali

Mpelekeni mgonjwa mara moja akizungumzia kujiua au kumdhuru mtu, akikataa chakula na maji, au akipata homa kali pamoja na kukakamaa mwili. Anayetumia klozapini asipuuze homa wala maumivu ya koo. Hatari ikiwa kubwa, pigeni 112. Kwa ushauri wa afya, Wizara ya Afya hupatikana kwa namba 199 bila malipo. Msimfunge kamba wala kumfungia ndani. Mkiwa njiani, zungumzeni naye kwa utulivu.

Huduma ya mbali hufaa pale tu inapokuwa na mtu wa karibu. Kabla ya simu ya kwanza kwisha, hakikisheni mmeandika jina la zahanati, jina la mhudumu na tarehe ya sindano inayofuata.