Mtihani wa Manesi wa Marekani: Namna ya Kuujibu



Wengi wenu mnao watoto au wadogo zenu walioko Marekani, wanaowahudumia wazee na wagonjwa huku wakisomea unesi. Nauli ya wengine ilitoka katika mshahara wa kiwandani na wa shamba la miwa. Kwa hiyo tumeona ni vyema tueleze mtihani unaowangoja, ili mkiongea nao kwa simu mjue la kuwaambia.

Kule kuna manesi wa daraja mbili hasa. Yupo nesi aliyesajiliwa, na chini yake yupo nesi wa vitendo, aitwaye LPN, ama LVN katika majimbo ya California na Texas. Huyu wa pili, hata akimaliza shule, hapewi leseni mpaka ashinde mtihani uitwao NCLEX-PN. Ada yake ni dola 200, na anayeshindwa hulipa tena akirudia.

Mtihani hufanywa kwa kompyuta, nayo ina tabia yake. Ukijibu vizuri inakuletea swali gumu zaidi, ukikosea inakuletea jepesi kidogo. Tangu Aprili 2023 maswali hayapungui 85 wala hayazidi 150, na muda ni saa 5. Mashine ikiwa na hakika ya asilimia 95 kwamba unafaa, au kwamba hufai, inasimama. Ndiyo maana wengine husimamishwa kwenye swali la 85 wakatoka wanalia, kumbe wameshinda. Basi kijana asihesabu maswali, wala asishtuke yakizidi ugumu. Ajibu lililo mbele yake, maana hawezi kuliruka wala kulirudia. Wastani ni dakika 2 kwa swali. Kupumzika kunaruhusiwa, lakini saa haisimami, na atakayeishiwa na muda kabla ya kutimiza maswali 85 ameshindwa.

Hayo ni ya mashine. Kwa maoni yetu hatari kubwa kwa watu wetu ni nyingine.

Kwetu nesi wa zahanati hufanya kila kitu: hupokea wagonjwa, hupima, hushona kidonda, huzalisha, na siku nyingine hufagia. Mtihani huu hautaki hivyo. Unaitazama hospitali ambayo watu wote wapo na vifaa vyote vipo, kisha unauliza: wewe LPN, kazi yako hapa ni ipi? Sisi wa chama jambo hili twalijua, kwani tumebishana na mameneja miaka mingi juu ya nani apewe kazi gani. Mgonjwa aliyeingia sasa hivi, uchunguzi wake wa kwanza ni wa nesi aliyesajiliwa. Anayeruhusiwa kwenda nyumbani, mafunzo yake ya kwanza ni ya huyo huyo. LPN hukusanya habari za mgonjwa, hutoa dawa, husafisha na kufunga vidonda, hukumbusha mafunzo yaliyokwisha kutolewa, na hali ikibadilika humwarifu mkubwa wake. Msaidizi wa nesi huogesha, hulisha, na hupima joto la mgonjwa aliyetulia. Jibu linalompa mtu kazi ya mwenzake ni baya, hata kama kwetu angesifiwa kwa bidii.

Pili, swali likiuliza nani ahudumiwe kwanza, halimtafuti anayelia kwa sauti kubwa. Tuseme wagonjwa ni wanne: mmoja ana maumivu ya mguu uliopasuliwa jana, mmoja anataka kwenda chooni, mmoja anagomba kuhusu chakula, na wa nne ameanza ghafla kuhema. Aendewe anayehema. Njia ya hewa ndiyo ya kwanza, kisha kupumua, kisha mzunguko wa damu. Na kwa kawaida mtu hupima kabla ya kutenda. Lakini kama swali limekwisha taja vipimo, na ni vya hatari, kuchagua kupima tena ni kuchelewa.

Hesabu za dawa nazo zina mtego kwa aliyezoea kilo, kwa sababu Wamarekani hupima uzito kwa ratili. Mtoto ana ratili 44, na dawa ni miligramu 10 kwa kila kilo. Gawanya 44 kwa 2.2, upate kilo 20. Dawa ni miligramu 200. Anayesahau kugawanya ataandika 440, yaani zaidi ya mara mbili. Hapo hospitalini mtoto angeumia.

Yapo pia maswali ya kuchagua majibu yote yaliyo sahihi. Zamani ukikosa moja umekosa yote. Siku hizi hupata alama kwa kila jibu sahihi, lakini jibu baya hupunguza alama za swali hilo. Kwa hiyo kuweka alama kila mahali kwa kubahatisha hakusaidii.

Jina la kijana kwenye kitambulisho liwe sawasawa na lile aliloandikisha. Sisi wenye majina matatu, yanayogeuzwa mbele na nyuma, tuangalie sana. Yasipolingana hurudishwa mlangoni, na ada imekwenda.

Kadhalika wajihadhari na wauza vyeti. Januari 2023 serikali ya Marekani iliwashtaki watu 25 katika kashfa ya vyeti vya unesi vya uongo zaidi ya 7,600, vilivyotoka katika shule tatu za Florida. Baadaye majimbo yaliwafuta baadhi ya walionunua, hata waliokuwa wameshinda mtihani.

Anayeshindwa hungoja siku 45 ndipo arudie. Hupewa karatasi inayoonyesha kila sehemu ya mtihani kama alikuwa juu ya kiwango, karibu nacho, au chini yake. Msimgombeze kwenye simu. Mwambieni awasomee karatasi hiyo, kisha aanze na zile sehemu za chini.