Muungwana ni Kitendo: Adabu Kwenye Mkeka wa Judo

Kitabu chetu hiki kila mwaka hutuletea habari za arusi, za waliozaliwa na za waliotangulia mbele ya haki. Safari hii nimeombwa niandike juu ya michezo ya vijana wetu. Nimechagua judo, kwa sababu nina deni nayo.

Mwanangu wa pili alipokuwa na miaka kumi, alirudi kutoka skuli mara tatu katika mwezi mmoja na shati limechanika. Walikuwapo watoto wakimngojea njiani. Sikwenda kwa walimu wala kwa wazee wa watoto wale. Nilimshika mkono nikampeleka darasa la judo katika ukumbi wa mtaani kwetu hapa Uingereza, na niseme kweli, nia yangu haikuwa njema. Nilitaka ajifunze kupiga.

Kumbe judo haina ngumi wala mateke. Muasisi wake, Jigoro Kano, alizaliwa Japani mwaka 1860. Utotoni alikuwa mdogo wa umbo na wenzake wakimwonea, ndipo akatafuta walimu wa jujutsu, mapigano ya kale ya Kijapani. Mwaka 1882 alifungua chuo chake, Kodokan, katika hekalu moja mjini Tokyo, akiwa na wanafunzi tisa tu. Aliwausia mambo mawili: mtu atumie nguvu zake pale zinapofaa, na yeye na mwenzake wastawi pamoja. Hekima yake iko wazi. Mwenzio anakuazima mwili wake ili upate kujifunza. Ukimvunja leo, kesho utajifunza na nani? Mafunzo haya hayakuchelewa kufika huku, kwani klabu ya Budokwai ilifunguliwa London na Gunji Koizumi tangu mwaka 1918.

Majuma ya mwanzo mwanangu hakufundishwa kuangusha mtu. Alifundishwa kuanguka mwenyewe, kidevu kifuani, kiganja kikipiga mkeka. Alifundishwa kukata kucha, kufua nguo zake nyeupe, na kuinamisha kichwa mbele ya mwenzake kabla ya kushikana na baada ya kuachana.

Hapo nyumbani pakazuka maneno. Baadhi ya jamaa walisema kuinama ni kwa Mwenyezi Mungu peke yake. Mwalimu, nilipomuuliza, alisema ile ni salamu tu, na anayeona uzito atikise kichwa kidogo, inatosha. Mama yangu mzee ndiye aliyekata shauri. Alisema, "Mwanangu, shikamoo maana yake nini? Si nashika miguu yako? Umeniamkia hivyo miaka yote, je, uliniabudu?" Sote tukanyamaza.

Mwaka wa pili akaingia darasani mmoja wa wale watoto waliokuwa wakimngojea mwanangu njiani. Siku moja wakapangwa pamoja. Mwanangu akamwangusha na kumbana chini. Sheria ya judo inajulikana na kila mtoto: mwenzio akipiga mkeka au mwili wako mara mbili, unamwachia papo hapo. Mtoto yule akapiga mara mbili. Akapiga tena. Mwanangu hakumwachia mpaka mwalimu alipomvuta kwa ukosi.

Nami nilikuwa nimekaa pembeni, na Mungu anisamehe, nilifurahi. Mwalimu aliniona. Baada ya darasa akaniita faragha, akaniambia, bila ya ukali, "Hilo hakujifunza kwangu." Maneno hayo yaliniingia kuliko kofi.

Juma lililofuata aliwakalisha watoto akawasimulia visa viwili. Mwaka 1964 judo iliingia Olimpiki kwa mara ya kwanza, Tokyo kwenyewe. Mdachi Anton Geesink alimshinda Akio Kaminaga mbele ya Wajapani wenzake. Wadachi wakataka kuuvamia mkeka kwa furaha. Geesink akanyanyua mkono kuwazuia, kisha akamwinamia mpinzani wake kama desturi inavyotaka. Kisa cha pili ni cha Los Angeles, mwaka 1984. Yasuhiro Yamashita wa Japani alifika fainali akichechemea, ameumia mguu katika pambano la kabla. Mpinzani wake alikuwa Mohamed Rashwan, Mmisri. Yamashita alimbana chini akashinda. Rashwan alisema baadaye kwamba hakutaka kushinda kwa kuuandama mguu ule. Wapo waliobishana juu ya hili na lile katika pambano lenyewe, lakini wakati wa kupanda jukwaa la medali, aliyempa Yamashita mkono wa kupandia alikuwa Rashwan. Baadaye akapewa tuzo ya uungwana katika michezo.

Mwanangu aliomba radhi. Mtoto yule aliipokea kwa mdomo tu. Kwa muda mrefu hakutaka kushikana naye, na mwalimu hakumlazimisha. Imani ikivunjika kwenye mkeka haiungwi kwa siku moja. Na mimi nilikwenda kwa baba yake pale nje ya ukumbi nikamwambia yaliyokuwa moyoni mwangu siku ile. Tulikuwa tumekaa mitaa miwili tu mbali miaka yote hiyo, hatujapata hata kuamkiana. Alinitazama, halafu akasema na yeye ana lake la kuomba radhi, habari ya mashati.

Watoto wale hawakuwa marafiki wa kufa na kuzikana. Lakini njia ya skuli ilitulia, na hatimaye walishikana tena. Mmoja alipopiga mkeka, mwingine aliachia.

Basi wazee wenzangu, mkiwapeleka watoto kwenye michezo hii, chungueni kwanza nia zenu, kwani mtoto husoma uso wa baba yake kabla ya kumsikia mwalimu. Mungu atulelee vijana wetu katika nchi hizi za watu, na atujaalie uungwana wa vitendo. Amin.